Mama anasafishwa damu na kazi zimesimama: chungu kimoja kitamtosha vipi?

Swali la msomaji wa Muyeye, Malindi: "Asalaam aleikum. Mamangu ana miaka 56, sasa ana kilo 52. Figo zake hazifanyi kazi na husafishwa damu Jumatatu na Alhamisi. Mkojo hupata kama kikombe kimoja kwa siku. Kisukari hana, presha anayo. Wakati wa korona hoteli niliyokuwa nikifanya kazi ilifungwa, na baba hakuweza kwenda baharini usiku kwa sababu ya kafyu. Tulikula tulichopata: maharage ya msaada, sima, mchicha wa uani, na madafu kwa kuwa minazi tunayo. Potasiamu yake ikafika 6.8, akalazwa. Baada ya hapo tukaogopa kila kitu, tukawa twampa uji mtupu, na kilo sita zikamtoka. Sasa msimu wa watalii umekuwa mbaya na nasikia habari za maradhi mapya. Nikibakiwa na pesa ya chungu kimoja tu kwa siku, nimpikie nini mama? Na niweke akiba gani?"

Waaleikum salaam, dada. Mlikosea mara mbili, na kosa la pili ni kubwa kuliko la kwanza, ingawa la kwanza ndilo lililomlaza mama. Maharage yasiyomwagwa maji, mchicha na dafu vilimpandishia potasiamu kwa siku chache, na madini hayo yakizidi kwenye damu huweza kusimamisha moyo. Uji mtupu ulimla nyama ya mwili kwa miezi.

Watu wengi hawaambiwi kwamba njaa nayo hupandisha potasiamu. Karibu asilimia 98 ya potasiamu yote ya mwili imo ndani ya seli, hasa seli za misuli. Mtu akila wanga, mwili hutoa insulini, na insulini huisukuma potasiamu iingie ndani ya seli ikae humo. Asipokula, insulini hushuka na potasiamu huvuja kurudi kwenye damu. Njaa ikiendelea, mwili huanza kuvunja misuli ili upate nguvu, na kila misuli inayovunjika humwaga potasiamu yake, pamoja na asidi na uchafu ambao figo zilikuwa zikiutoa. Mwenye figo nzima huikojoa ziada hiyo bila kujua. Mamako hana pa kuipeleka mpaka Jumatatu. Kwa hiyo usiipunguze sahani yake kwa kuogopa potasiamu. Badilisha kilichomo, na zaidi ya hapo badilisha namna ya kukipika.

Tuuhesabu ule uji. Mtu wa kilo 52 anahitaji nguvu ya kalori 25 hadi 35 kwa kila kilo, yaani kati ya 1,300 na 1,800 kwa siku. Kikombe cha uji mwepesi, wenye vijiko viwili vitatu vya unga, kina kalori zisizofika 100 na protini gramu 2 hivi. Ili apate kalori 1,500 angelazimika kunywa vikombe 15 au 16, karibu lita nne. Na kiasi chake cha vinywaji ni mililita 500 kwa siku, ukiongeza kiasi cha mkojo wake, kwa hiyo kama mililita 750 kwa jumla: maji, chai, mchuzi, uji, hata maji ya kumezea vidonge. Uji ulikuwa ukimjaza maji na kumwacha na njaa. Mgonjwa anayesafishwa damu hupewa chakula kikavu chenye mafuta: wali, chapati, tambi, sima ngumu.

Kabla ya mapishi, liko jambo la kufanya wiki hii. Waulize wauguzi wa kitengo uzito wake mkavu umeandikwa kilo ngapi. Huo ni uzito anaotakiwa kuwa nao akitoka kwenye mashine bila maji ya ziada. Kama alipungua kilo sita za nyama na uzito huo haukurekebishwa, mashine imekuwa ikimfikisha kwenye namba ya zamani, na pale palipokuwa nyama pamejaa maji. Kwenye karatasi anaonekana hajapungua, huku presha haishuki kwa dawa, usiku akilala chali pumzi zinambana, na uso unavimba asubuhi. Kosa hili ni la kawaida sana nyakati za dhiki, kwa sababu mgonjwa huona haya kusema kwamba nyumbani hapaliki. Sema wewe kwa niaba yake, maneno haya haya: "Chakula kimepungua nyumbani, na nguo zinampwaya." Muuguzi akijua hivyo atamwomba daktari aupime upya uzito mkavu, na kipimo cha potasiamu kabla ya mashine kitafanywa mapema badala ya kungoja mwisho wa mwezi.

Sasa chungu. Kwa anayesafishwa damu, protini inatakiwa gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo, kwa hiyo mama anahitaji gramu 52 hadi 62 kwa siku. Mashine yenyewe huondoka na sehemu ya protini kila kipindi, ndiyo maana kiwango ni kikubwa. Msomaji mwingine ambaye mgonjwa wake bado hajafika kwenye mashine asiige hesabu hii: yeye kwa kawaida huambiwa gramu 0.6 hadi 0.8 kwa kilo, kwa kuwa figo zilizochoka lakini zinazofanya kazi huelemewa na protini nyingi. Jirani akimpa jirani orodha yake ya vyakula, hapa ndipo wanapoumizana.

Gramu 52 na zaidi zinapatikana hivi kwa siku moja ya kawaida Malindi. Asubuhi chapati moja ya unga mweupe na yai moja: gramu 14 hivi. Mchana wali vikombe viwili vilivyopikwa, na samaki aliyepikwa ukubwa wa kiganja bila vidole, kama gramu 90: gramu 29 au 30. Jioni sima ya unga wa kukoboa na nusu kikombe cha pojo, au mayai mawili: gramu 14 hadi 19. Ongeza vijiko vitatu vya chakula vya mafuta ya kupikia katika siku nzima. Kila kijiko kina kalori kama 120, na ndiyo njia rahisi kuliko zote ya kuongeza nguvu bila potasiamu, bila fosforasi (madini mengine yanayojazana figo zikifa) na bila maji. Mafuta yaliyomo ndani ya wali na chapati hayaonekani, na mgonjwa asiye na hamu ya kula hayamshindi. Samaki akikosekana, mayai yachukue nafasi yake. Yai lina protini gramu 6 na potasiamu miligramu 70 tu, na ute mweupe hauna karibu fosforasi yoyote. Kama kuna kitu kimoja cha kununua kabla ya kingine chochote, ni yai.

Wali na unga: mchele mweupe ndio rafiki mkubwa kupita wote, maana kikombe cha wali kina potasiamu isiyozidi miligramu 60. Unga wa ngano mweupe na tambi viko karibu na hapo. Kwenye mahindi kuna tofauti ya kuangalia: unga wa posho mil uliosagwa na kiini chake una potasiamu na fosforasi zaidi ya maradufu ya ule uliokobolewa. Wakati wa korona, mwaka 2020, baadhi ya msaada ulikuja kama mahindi mazima. Mkipewa hayo tena, yakoboeni kabla ya kusaga, au badilishaneni na jirani mwenye mchele hata kama mtapata kidogo.

Samaki wa bei ndogo kwenu ni vidagaa vibichi. Vinafaa, mradi vitolewe kichwa na mwiba, maana fosforasi imo mifupani. Shida ni vilivyokaushwa, na zaidi ng'onda na papa mkavu. Wakati wa kusi, bahari inapochafuka na samaki mbichi kupanda bei, kila nyumba hurudi kwenye ng'onda, na 2020 kusi ilianza wakati ule ule kaunti ya Kilifi ilipofungwa kwa sababu ya korona, kuanzia tarehe 8 Aprili hadi 7 Juni. Kwa mwenye figo, ng'onda ni chumvi iliyoshikwa na samaki. Kila gramu 9 za chumvi hushika lita nzima ya maji mwilini, na kiu yake haizuiliki kwa mawaidha. Kama hakuna budi, mloweke usiku kucha ukibadilisha maji mara tatu, mchemshe, umwage, kisha mpe kipande kidogo katika chakula kisichotiwa chumvi hata chembe. Kwa siku nzima chumvi yote isizidi kijiko kimoja cha chai, pamoja na iliyomo ndani ya mkate. Viungo vya mchuzi vya paketi viacheni kabisa. Magadi ya kulainishia maharage pia yaacheni, maana hayo ni sodiamu tupu. Na chumvi inayouzwa kwa jina la chumvi ya presha, iliyopunguzwa sodiamu, aghalabu imejazwa potasiamu badala yake. Kwa mwenye presha tu ni nzuri. Kwa mamako ni sumu.

Kumwaga maji

Potasiamu huyeyuka kwenye maji, lakini imefungiwa ndani ya seli za mmea. Maji baridi peke yake hayaivunji seli, ndiyo maana kuloweka muhogo mzima usiku kucha hakusaidii kitu. Kinachoifungua ni moto, vipande vidogo, na maji mengi yanayomwagwa.

Muhogo, viazi, ndizi mbichi na shelisheli: menya, kata vipande vyembamba vya nusu sentimita, osha. Tia kwenye sufuria yenye maji mara tano ya chakula, chemsha dakika 10, mwaga maji yote. Tia maji mapya, chemsha mpaka viive, mwaga tena. Ukipika hivi mara mbili, nusu ya potasiamu au zaidi huondoka. Ndipo utie kitunguu, mafuta na tui jepesi. Watu wengi hukosea hatua ya mwisho: huchemsha vizuri mara ya kwanza, kisha mara ya pili hupika muhogo kwa maji machache na kuyaacha yawe mchuzi. Kilichotoka kimerudi sahanini. Kupika kwa mvuke au kukaanga moja kwa moja nako hakutoi kitu.

Maharage, mbaazi na kunde hazijaharamishwa, ingawa karatasi nyingi za hospitali huzikataza. Fosforasi iliyomo kwenye nafaka na kunde imefungwa kwa namna ambayo utumbo wa binadamu huchukua sehemu tu, mara nyingi nusu au chini ya hapo, wakati fosfeti, yaani fosforasi inayotiwa kiwandani kwenye soseji, nyama za mkebe na soda nyeusi huingia karibu yote. Soseji za bei rahisi ni mbaya kuliko mbaazi. Loweka saa 8 hadi 12, mwaga. Chemsha dakika 10 kwa maji mapya, mwaga. Pika mpaka ziive kwa maji mengine mengi, kisha chuja. Mpe nusu kikombe, bila lile rojo. Kati ya zote, pojo na kunde zina potasiamu pungufu kuliko maharage mekundu na mbaazi. Kwa hiyo mkipewa maharage ya msaada, walaji wengine wa nyumba wale hayo na mama apate pojo, au ale nusu kikombe cha maharage siku mbili kwa wiki.

Mchicha ni mzito: nusu kikombe kilichoiva kinaweza kuwa na miligramu zaidi ya 400. Chemsha dakika 10 kwa maji mengi, mwaga, kamua kwa mkono, halafu kaanga, na usiuweke siku moja na maharage au muhogo. Sukuma wiki na kabichi zilizochemshwa na kumwagwa maji ni nyepesi zaidi. Kabichi ina faida nyingine: hukaa wiki nzima bila friji.

Nazi, dafu na matunda

Nazi inasingiziwa na dafu halilaumiwi vya kutosha. Nazi moja ya wastani ina nyama kama gramu 400 na potasiamu kama miligramu 1,400, na si yote itokayo kwenye tui. Ukipikia wali wa watu saba, kila mmoja hapati hata miligramu 200. Hiyo inabebeka. Haibebeki pale asubuhi inapokuwa mbaazi za nazi, mchana wali wa nazi na mchuzi wa nazi, jioni muhogo wa nazi. Chagua mlo mmoja wa nazi kwa siku, utumie tui la pili, na hayo mengine yapikwe kwa kitunguu na mafuta.

Dafu ni hesabu nyingine. Kila mililita 100 za maji yake zina kama miligramu 250 za potasiamu. Glasi moja ni 600 hivi, na dafu zuri lina zaidi ya glasi. Hayo maji huingia kwenye damu haraka kwa kuwa hayana cha kusagwa. Mtu anayesafishwa damu mara mbili kwa wiki hana nafasi ya dafu, hata moja, hata kwa kiu ya kaskazi. Yauzeni mnunue mayai. Biashara hiyo ni nzuri kwa figo za mama kuliko dawa yoyote ya mitishamba.

Mwaka 2020 kila redio ilisema kuleni matunda, machungwa, malimau, vitamini C. Kwa wengi ushauri ulifaa. Kwa mwenye figo zilizokufa, vidonge vya vitamini C vya miligramu 500 na 1,000 hugeuka oksaleti, uchafu unaoganda mwilini kama vijiwe, na kujazana, kwa hiyo asivimeze bila daktari wa figo kuamua. Birimbi nalo ni hatari tunayoishi nayo uani. Katika achari kidogo watu wenye afya hawalioni shida, lakini madaktari wa Kerala nchini India wameeleza wagonjwa ambao figo zao zilisimama ghafla baada ya kunywa maji ya birimbi yaliyokamuliwa, kwa wingi wa oksaleti. Mwenye figo mbovu asile birimbi, wala lile tunda la pembe tano lililo ndugu yake, ambalo kwa wagonjwa wa figo huleta kwikwi zisizokatika, kuchanganyikiwa na degedege. Ukwaju na tende pia zina potasiamu nyingi. Tende moja kubwa ni kama miligramu 160, kwa hiyo wakati wa futari moja yatosha. (Kufunga kwenyewe ni la kuamua na daktari wake kabla mwezi haujaandama.) Matunda ya kumpa: kipande cha nanasi, kipande kidogo cha tikiti, kihesabiwe ndani ya maji yake ya siku. Ndizi mbivu na parachichi awaachie wajukuu.

Siku za wiki nazo hazilingani. Kiwango cha kawaida duniani ni vipindi vitatu kwa wiki vya saa nne nne; wagonjwa wengi Kenya wamezoea viwili, kwani ndivyo NHIF, bima ya afya ya serikali, ilivyokuwa ikilipia. Kwa ratiba ya mamako, kati ya Alhamisi na Jumatatu kuna siku tatu nzima bila mashine. Potasiamu na maji hufika kileleni Jumapili usiku. Harusi na karamu nazo huangukia hapo hapo, bila shaka. Panga chakula kizito mapema baada ya mashine, na kuanzia Jumamosi jioni apate wali, chapati, mayai na kabichi tu. Uzito wake usipande zaidi ya kilo mbili kati ya kipindi na kipindi. Mizani ya bafuni yatosha, apimwe kila asubuhi kabla ya chai.

Na choo kisifunge. Figo zikifa, utumbo hubeba sehemu kubwa zaidi ya kazi ya kutoa potasiamu, kwa hiyo mtu asiyepata choo siku tatu hupanda potasiamu hata kama anakula sawasawa. Chakula kidogo na maji machache huleta hali hiyo. Mwombeni daktari dawa ya kulainisha choo mapema.

Dawa zifuate sahani. Zile za kufunga fosfeti, kama kalisi kaboneti, hutafunwa katikati ya chakula. Zikimezwa tumbo tupu hazina cha kufunga. Kwa wasomaji ambao wagonjwa wao wana kisukari: figo mbovu hukawia kuiondoa insulini, kwa hiyo kuidunga au kumeza glibenklamaidi kisha chakula kisipatikane kunaweza kumuua mtu usingizini. Sukari ikishuka, mpe vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye nusu glasi ya maji, usimpe sharubati ya machungwa. Losartani na dawa za presha za jamii ya enalaprili hupandisha potasiamu. Mama akiharisha au kutapika, pigeni simu kitengoni kuuliza kabla ya kuendelea nazo. Kwa homa na maumivu ni paracetamol, si diklofenaki wala ibuprofeni, maana hata hicho kikombe kimoja cha mkojo ni mali ya kulindwa.

Njia zikifungwa

Mwaka 2020 agizo la kafyu lilianza tarehe 27 Machi, wiki mbili tu baada ya mgonjwa wa kwanza kutangazwa nchini. Wiki mbili hazitoshi kukusanya akiba kwa mshahara uliokwisha kukatika. Anza sasa, kitu kimoja kila wiki. Akiba ya mama peke yake kwa siku saba: mchele kilo moja na nusu hadi mbili, unga mweupe wa ngano kilo moja, tambi pakiti mbili, sukari nusu kilo, mafuta nusu lita, mayai 15, kabichi moja, vitunguu, maji ya kunywa yaliyofunikwa, peremende ngumu za kuzuia kiu, na dawa za wiki mbili. Mayai yawekwe kivulini bila kuoshwa. Kwa joto la Malindi yatumie ndani ya siku kumi, na linaloelea kwenye maji litupwe. Kisima chenu kikiwa na maji ya magadi au chumvi, maji ya kupikia ya mama yawe mengine. Weka pia karatasi ya hospitali inayoonyesha siku zake za mashine, ikiwa kwenye mfuko wa plastiki pamoja na kitambulisho, kwa ajili ya vizuizi vya barabarani.

Kipindi kikikosekana, badilisha chakula saa ile ile, usingoje dalili. Hapa, na hapa pekee, protini ishuke nusu, iwe gramu 25 hadi 30, na vinywaji vyote visizidi vikombe viwili kwa siku. Asubuhi chapati moja na nusu kikombe cha chai yenye sukari. Mchana wali vikombe viwili uliotiwa mafuta, na yai moja. Jioni tambi za sukari na mafuta. Hakuna tunda, mboga ya majani, kunde, maziwa wala chumvi. Wanga na sukari ndivyo vitakavyoishikilia potasiamu ndani ya seli. Mpango huu ni wa siku tatu, ukiwa unatafuta mashine kwa simu tangu ya kwanza. Ukigeuzwa kuwa chakula cha kila siku utamrudisha kwenye kukonda.

Miguu ikilegea ghafla, ganzi ikishika midomo au vidole, moyo ukidunda na kuruka, au pumzi zikimshinda akilala, ondokeni wakati huo huo, kafyu au si kafyu. Potasiamu ya 6.8 haingoji alfajiri.

La mwisho ni la sinia. Mkila pamoja, mgonjwa aliyetengewa kisahani chake hujiona mgeni, na mama wa nyumba yenye dhiki hujifanya ameshiba ili watoto wapate. Pika chungu cha wote bila chumvi na bila magadi, mwaga maji yanayopaswa kumwagwa, pakua fungu lake kwanza na yai lake, kisha wengine watie chumvi yao sahanini. Angalia kilichobaki mbele yake, usimuulize kama ameshiba. Na Jumatatu ukimpeleka, ulizia ule uzito mkavu.